Kila Januari Naanza Mazoezi, Kila Februari Nimeacha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto 3, nina miaka 39, kazi yangu ni ufundi cherehani. Kibanda changu kipo Makoroboi hapa Mwanza. Vitenge na magauni ya harusi nashona, lakini kinachonilisha ni sare za shule. Nyumbani ni Mabatini, juu kwenye mawe, kule ambako bodaboda inafika mahali inagoma na mtu anamalizia kwa miguu.

Mwezi wa 5 kichwa kilinisumbua wiki nzima, nikaenda zahanati. Presha 148 kwa 94. Wakaniambia nirudi siku nyingine 2 kupima tena, namba hazikubadilika sana. Mzani ukasoma kilo 91, na mimi ni mfupi, sentimita 158. Daktari, kijana mdogo tu lakini ana adabu, akaniambia, "Mama, dawa tuziache kwanza. Punguza chumvi, punguza mwili, uje baada ya miezi 3." Miezi 3 imepita na sijarudi. Nirudi na uso gani wakati sijapungua hata nusu kilo?

Shangazi, si kwamba sijajaribu. Januari mwaka juzi nilijiunga na klabu ya jogging ya mtaani. Tisheti za njano, filimbi, nyimbo, saa 11 alfajiri tunashuka barabarani hadi Kirumba na kurudi. Wiki ya kwanza niliona raha kama nimerudi shule. Wiki ya 2 magoti yakavimba, nikawa nashuka kule kwenye mawe kinyumenyume. Wiki ya 3 oda za sare zikanielemea, nikalala kibandani siku 2, baada ya hapo nikaona haya kurudi kwa wenzangu.

Januari mwaka jana nikalipia gym miezi 3. Nilikwenda mara 11. Nina uhakika ni 11 kwa sababu kila nikiikumbuka ile hela nahesabu tena.

Mwaka huu Januari shoga yangu akaniingiza kwenye grupu la WhatsApp la kupungua kwa siku 30. Hatua 10,000 kila siku, usiku unatuma picha ya simu kuonyesha umefikisha. Chakula ni mayai ya kuchemsha, matango na maji ya limau. Ugali marufuku, wali marufuku. Wiki 2 nikapungua kilo 4. Nilipiga kelele pale kwa yule kijana anayepima watu uzito barabarani kwa shilingi 200, watu wakageuka. Wiki ya 3 mzani ukaganda. Wiki ya 4 ukapanda nusu kilo. Njaa ilikuwa inaniamsha saa 6 usiku, nakula kiporo cha chapati nimesimama gizani watoto wasinione. Siku ambazo sikufikisha hatua niliona aibu kutuma picha, mwisho nikajitoa kwenye grupu kimyakimya.

Na walioniona nimepungua hawakunisaidia. Mama mkwe alikuja kutoka Kwimba na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akanitazama shingo, akamuuliza mwanawe mbele yangu, "Huyu humlishi?" Mteja mmoja, mtu na heshima zake, alivuta stuli karibu akaninong'oneza kama nimeshakwenda kupima. Unajua alichomaanisha. Siku ile nilimharibia kitambaa chake, nikakilipa.

Mume wangu si mtu mbaya, ila ameshanipa jina. Nikivaa raba tu anasema, "Nguvu ya soda hiyo." Watoto wanacheka, na mimi nacheka, lakini inaniuma.

Kutwa nimekaa. Miaka 2 hii nimefunga mota kwenye cherehani, hata kukanyaga sikanyagi tena. Chai ya maziwa nakunywa asubuhi, saa 4 na jioni, sukari vijiko 3 kila kikombe, na soda mchana jua likiwa kali. Jirani anauza chai ya kukata tumbo, boksi shilingi 35,000, anasema mwezi mmoja tu nitajiona.

Nimepanga kuanza upya Januari, na safari hii nataka nifike kilo 65 za siku ya ndoa yangu. Swali langu, Shangazi: wenzangu wanapata wapi moyo wa kuendelea? Mbona mimi hamu inakatika? Na hiyo chai ninunue?

Fundi wa Mabatini


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara 2, na mara ya pili nilikuwa na kalenda mkononi. Januari, Januari, Januari. Na sasa tuko mwishoni mwa Septemba unaniambia unangoja Januari. Wewe ni fundi wa sare za shule! Januari mzazi amekusimamia mlangoni na mtoto asiye na kaptula, vifungo vimeisha, umeme umekatika, na huo ndio mwezi uliouchagua kuamka saa 11 alfajiri kukimbilia Kirumba. Hakuna mkulima anayepanga harusi wakati wa palizi. Mara zote 3 ulizoanguka, ulianguka mwezi ambao hata fundi mwenye moyo wa chuma angeanguka, halafu ukajihukumu kwamba huna moyo.

Lakini kabla sijaenda mbali, rudi zahanati. Wiki hii. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 27 na nimewaona wengi wa aina yako: anapewa tarehe, anaiona kama siku ya matokeo ya mtihani, akihisi amefeli haji. Yule kijana hakukuita ili akuone umekonda. Alikuita aipime presha, aone kama dawa zinaweza kuendelea kusubiri au haziwezi. Presha haisubiri mtu apungue ndiyo ifanye kazi yake. Nenda na kilo zako 91, au 92 kama zimefika, umwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi. Na umuulize kama kuna zoezi lolote ambalo hataki ulifanye.

Sasa hilo la moyo. Umri wako nadhani ulikimbia mchakamchaka shule ya msingi. Unakumbuka? Alfajiri, baridi, umande kwenye nyasi, kandambili imekatika, mnazunguka uwanja mnaimba. Niambie, kuna siku mwalimu aliwauliza kama mnayo hamu? Kengele iligongwa, mkatoka. Wenye hamu walikimbia, wasio na hamu walikimbia, na waliosinzia walikimbia wakisinzia. Miaka 7 tumekimbia hivyo. Tulipomaliza shule kengele tukaiacha kule, ndiyo maana leo kila mtu anatafuta moyo, anautafuta kwenye simu, anautafuta kwenye tisheti ya njano.

Hao wenzako unaowaonea wivu, ukiwafuatilia kwa karibu utakuta hawana hamu kukuzidi. Wana kengele. Mmoja anatembea kwa sababu anampeleka mtoto shule kwa miguu. Mwingine ana jirani anayegonga dirisha. Mimi mwenyewe, nilipofika miaka 52 nikaambiwa sukari yangu iko ukingoni, nilinunua raba nzuri nikaziweka juu ya kabati, zikakaa miezi 5 zinanitazama. Kilichoniamsha si raba. Niliacha kununua mkate dukani kwa jirani nikaanza kuufuata kwenye tanuri la mbali, kwa sababu chai bila mkate nyumbani kwangu ni kesi. Mpaka leo naufuata, na sijawahi kujiuliza kama najisikia.

Kuna mtafiti wa University College London, Phillippa Lally, ambaye yeye na wenzake mwaka 2009 walichapisha kazi waliyoifanya na watu 96. Kila mmoja alichagua jambo dogo, kunywa maji, kula tunda, kufanya zoezi fulani, alifanye kila siku baada ya tukio lilelile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Walitaka kujua inachukua siku ngapi hadi mtu afanye bila kujisukuma. Kwa wastani ilikuwa siku 66. Kuna waliozoea ndani ya siku 18, na kuna ambao makadirio yalifika siku 254, na mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Wewe wiki ya 3 ulikuwa unajiita mvivu, na wiki ya 3 ni siku 21. Jingine walilogundua, nalo ndilo ninalotaka ulishike: kuruka siku moja hakukuharibu chochote. Aliyeruka akarudi kesho yake aliendelea pale alipokuwa. Wewe uliruka siku 2 kibandani ukaona haya kurudi. Hizo haya ndizo zilizokumaliza.

Kwa hiyo tukutafutie kengele, na wewe unazo 2 tayari.

Ya kwanza ni ule mlima. Watu wa mjini wanalipa hela gym wapande mashine inayojifanya mlima, wewe unao wa kweli, wa mawe, na kila jioni unamlipa bodaboda akupunguzie. Kwa kuanzia, siku 3 kwa wiki shuka barabarani upande kwa miguu. Najua hali ya kule, si zaidi ya dakika 15 au 20 kwa mtu anayepumzika njiani, na ninataka upumzike njiani. Kipimo cha mwendo ni hiki: uwe unaweza kuongea na mtu mnayepandana naye lakini huwezi kumwimbia. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kuongea, punguza. Kifua kikibana, au kizunguzungu kikija, kaa chini, na safari inayofuata ni ya zahanati. Panda kabla giza halijaingia. Mawe yale usiku hayamjui mtu.

Sitaki ukimbie, mwanangu. Magoti yako yalishakujibu mwaka juzi. Waliopima wazee wenye maumivu ya magoti walikuta kila kilo moja mtu anayopungua, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Kwa hiyo goti ulitibu kwanza kwa kutembea na kupungua, mbio zitakuja zikitaka, na zisipotaka hudaiwi.

Kengele ya pili iko mbele ya macho yako kutwa: bobini. Kila bobini ikiisha uzi, kabla hujajaza nyingine, inuka kutoka kwenye stuli na ukae tena, mara 10, bila kushika meza. Polepole kushuka, kama mtu anayeogopa kukalia sindano. Hilo ni zoezi la misuli ya mapaja na makalio, misuli mikubwa kuliko yote mwilini, ambayo tangu ulipofunga mota imekosa hata ile kazi ndogo ya kukanyaga. Mota sikuambii uing'oe, wateja wako hawatanielewa. Ninachokipenda kwenye bobini ni kwamba Januari, kazi ikizidi, bobini nazo zinaisha upesi. Zoezi lako kwa mara ya kwanza litaongezeka msimu wa sare badala ya kufa.

Utaniuliza: Shangazi, dakika 15 na stuli, hiyo nayo ni mazoezi? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku 2 za mazoezi ya misuli. Utafika huko. Zamani walisema kila mara lazima iwe dakika 10 mfululizo ndiyo ihesabiwe. Mwongozo wa 2020 umeliondoa sharti hilo. Oktoba panda mlima siku 3. Novemba siku 5. Desemba shuka daladala vituo 2 kabla ya chako. Ukianza wiki ijayo, zile siku 66 zitatimia mwanzoni mwa Desemba, kabla wazazi hawajaanza kukupigia simu usiku.

Na zile hatua 10,000 zilizokufanya ujitoe kwenye grupu, unajua zimetoka wapi? Japani, mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua ikakiita "manpo-kei", yaani kipima hatua elfu kumi. Namba ilikuwa nzuri kutangazia biashara. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipofuatilia kina mama wazee, wenye wastani wa miaka 72, waliona waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa kuliko wa 2,700, na kwamba faida iliacha kuongezeka karibu na 7,500. Wale ni wazee na wewe si mzee, lakini uelewe kwamba hakuna mlango unaofungwa ukiwa umefikisha 9,200.

Tuje kwenye mzani wa shilingi 200. Zile kilo 4 za wiki 2 zilikuwa nyingi zake maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na kama gramu 3 za maji. Ulipokata ugali na wali ghafla, akiba ikatumika, maji yakatoka, ukapiga kelele barabarani. Maji yalipokwisha kutoka ikabaki kazi ya mafuta, ambayo ni ya polepole kwa kila mtu: kilo moja ya mafuta ya mwili ina karibu kalori 7,700. Ukipunguza kalori 300 kwa siku, hiyo ni kilo moja kwa karibu wiki 4. Ongeza kwamba uzito wa mwanamke unapanda na kushuka kilo 1 au 2 kwa sababu ya chumvi aliyokula jana, au siku zake, au kwamba leo amepimwa baada ya kula na jana kabla. Wewe ulikuwa unapimwa na nguo, na simu, na nadhani mkasi mfukoni.

Wewe una kipimo bora, umekivaa shingoni. Tarehe 1 ya kila mwezi, asubuhi kabla ya chai, pitisha futi tumboni, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, utoe pumzi, usivute tumbo kama wateja wako wanavyokudanganya. Andika inchi kwenye daftari la oda, ukurasa wa mwisho. Kwa wanawake, kiuno kikizidi sentimita 88, karibu inchi 35, hatari ya presha, sukari na moyo inakuwa kubwa. Utakuja kuona miezi ambayo mzani umeganda na futi imesogea, maana misuli inajengeka huku mafuta yanapungua. Mzani uachie zahanati.

Kilo 65 za siku ya ndoa naomba uzisahau kwanza. Zilikuwa za msichana mwenye miaka mingapi, kabla ya watoto 3? Marekani walifanya utafiti mkubwa, matokeo yakatoka 2002, kwa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, wakawashinda hata waliopewa vidonge. Asilimia 7 ya kilo 91 ni kilo 6 na kidogo. Kilo moja kwa mwezi, Aprili umefika, na ukifika hapo hutakuwa mwembamba. Utakuwa mama mnene kiasi ambaye presha yake huenda imeshuka, na hilo ndilo daktari analolitafuta.

Chakula sitakisema sana kwa sababu tatizo lako liko kwenye kikombe. Vijiko 3 mara 3 ni vijiko 9 vya sukari, kama gramu 36. Soda moja inaongeza karibu kiasi hichohicho tena. Shirika la Afya linapendekeza sukari ya kuongeza ikiwezekana isizidi kama gramu 25 kwa siku, vijiko 6 vidogo. Soda iwe ya harusini. Chai punguza nusu kijiko kila wiki. Ukikata ghafla utaichukia dunia. Ugali rudisha, usiku pia, ila mboga ndiyo ijaze nusu ya sahani, ugali robo, samaki robo. Sato wa kuchemsha na nyanya badala ya kukaanga: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina karibu kalori 120, ambazo utazitembelea kama nusu saa kuzitoa. Chumvi kijiko kimoja kidogo kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye dagaa. Michembe ya mama mkwe kula, lakini siku hiyo ikae mahali pa ugali, isikae juu yake. Ukila hivi, ile chapati ya saa 6 usiku itakosa mlaji yenyewe.

Na sasa mama mkwe mwenyewe, na yule mteja. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako, kwa sababu wataalamu wa mazoezi hawaliongelei na sisi wote tunalijua. Kwetu mwili mnene ni taarifa: ana mume anayemtunza, hana mawazo, haumwi. Mtu akipungua watu wanasoma taarifa nyingine. Sisi tulioona miaka ya 90 tulizika wengi walioanza kwa kupungua shingo, na jicho la mama mkwe wako lilijifunza kazi hiyo kule. Usimkasirikie. Aliogopa.

Kosa lako, ukiniruhusu, ni kwamba ulipungua kimyakimya, na kimya watu hukijaza. Safari hii tangulia. Mpigie simu kabla hujaanza, umwamkie vizuri, umwambie, "Mama, nimekutwa na presha. Daktari amenipa kazi ya kutembea na kupunguza mwili, ukiniona nimepungua ujue nafuata dawa." Neno presha kila mama wa umri wake analielewa, pengine anayo. Utaona ghafla amekuwa msimamizi, anapiga simu Jumapili kuuliza kama umepanda mlima. Huyo ni kengele ya tatu, na yake haizimwi. Mteja akinong'ona, mjibu kwa sauti ya kawaida, "Presha, dada. Wewe yako umepima lini?" Kibanda kizima kitaanza kuongelea presha zao na wewe utaendelea kukata kitambaa.

Chai ya jirani usinunue. Nyingi za namna hiyo zina sanamaki au majani mengine ya kuendesha tumbo. Unapungua maji na choo, mafuta yanabaki yamekaa. Hilo ni upande mwepesi. Upande mzito ni kwamba bidhaa za kupunguza mwili zimekutwa mara nyingi zimechanganywa kwa siri na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwenye moyo, na ambayo inapandisha presha. Kwa 148 kwa 94, hapana. Hiyo 35,000 nunua kipimo cha presha kama utaongezea kidogo, au nunua viatu vyenye soli isiyoteleza kwenye mawe. Jirani mwambie Shangazi amekataa, lawama nitabeba mimi.

Huyo mkwe wangu na utani wake wa soda, usigombane naye. Mpe kazi. Mwambie siku 3 za mlima utachelewa dakika 20, na siku hizo maji ya ugali yawe jikoni ukifika. Mwanamume aliyepewa jambo la kufanya hutania kidogo. Asipoweka maji, mlima umepanda hata hivyo.

Oktoba inaanza wiki ijayo. Jioni ya kwanza ukishuka daladala pale Mabatini, mwambie yule kijana wako wa bodaboda kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asikusubiri. Atalalamika, atakuambia hali ngumu. Mpe Jumamosi, siku unayobeba majora ya vitambaa.

Shangazi